Nikishuka Mimi, Basi Linaondoka

Kwa jina la Mola aliyeitandaza ardhi akaipasulia njia, akampa kila msafiri mahali pa kutoka na mahali pa kufika, naanza. Namshukuru kwa afya iliyobaki, na kwa macho ambayo bado yanaweza kutofautisha basi na lori. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na masahaba waliosafiri pamoja naye.

Na baada ya hayo, nitawapanga watu wangu kama wanavyopangwa vitini, ili msomaji aliyepanda leo asilazimike kumuuliza aliyekaa jirani.

Wa kwanza ni mimi, mzee niliyefiwa na mke, niliyesomesha Kurani na mashairi mpaka paa la chuo changu likaanguka. Tangu hapo nalala ukumbini kwa mdogo wangu, kama mlivyokwisha kusoma.

Wa pili ni huyo mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Ana basi moja liendalo mji wa jirani na kurudi, na juu ya kioo cha mbele limeandikwa TULIA kwa rangi nyekundu. Watu wamempa mwenye gari jina la gari, wanamwita Bwana Tulia. Mwenyewe hajapata kutulia tangu alipozaliwa.

Wa tatu ni Kimya, dereva wa basi la pili katika njia hiyo hiyo, liitwalo USIJALI. Honi yake ni nzima, lakini haipigi. Huyu ndiye aliyemposa binti yangu.

Wa nne ni binti yangu, mkunga katika mji huo wa jirani. Na wa mwisho ni Mama Cherehani, fundi wa nguo, ambaye hakuwemo katika hadithi hii mpaka alipojiingiza mwenyewe. Wamjuao wanasema hiyo ndiyo tabia yake.

Juma lililopita niliwasimulia jinsi mdogo wangu alivyonipa heshima ya kiti cha mbele.

Mabasi yetu hayaondoki mpaka yajae, na hakuna mtu apendaye kuwa wa kwanza kuingia. Basi siku moja akaniambia, "Kaka, ya nini kukaa nyumbani ukapigana na nzi? Njoo ukae mbele pale, upate upepo."

Nikaenda, kanzu nyeupe, kilemba, na fimbo mkononi. Wapitao wakaniona. Wakasema, "Shehe keshapanda, basi linatoka sasa hivi," wakaingia. Lilipojaa, kondakta akaniambia, "Babu, asante, teremka." Nikateremka, kiti changu akapewa mwingine, basi likaenda zake, nami nikaenda kunywa chai.

Ikawa hivyo kila siku. Watu wa stendi wakanibatiza jina: Shehe wa Kiti cha Mbele. Mimi nikadhani ni cheo.

Sikusema neno la uongo hata siku moja. Sikusema neno lolote.

*

Sasa sikilizeni ya safari hii.

Jioni moja binti yangu alinipigia simu.

"Baba, ndoa ni kesho baada ya Alasiri. Keshokutwa alfajiri nahamia kituo kipya cha kazi, na huko ni mbali. Isipokuwa kesho, sijui tena lini."

"Nitafika, mwanangu. Ndoa haifungwi bila ya walii, na walii wako ni mimi."

"Na Baba Mdogo?"

Nikahamisha simu sikio la pili.

"Baba, ndiye aliyenisomesha. Asipokuwepo nitaolewa, lakini nitaolewa huku nalia. Mlete."

Mlete! Kama vile mdogo wangu ni kifurushi. Mtu huyu ni mzito kuliko basi lake, na breki alizo nazo yeye, basi hilo halina hata moja.

Asubuhi, tukiwa kwenye chai, nikamgusia.

"Siendi," akasema. "Nimemsomesha kwa jasho la TULIA, leo nikamkabidhi kwa mtu anayenichukulia abiria? Si afadhali nimpe na funguo za gari kabisa!"

"Hakuchukulii abiria. Wanakwenda wenyewe."

"Hilo ndilo baya zaidi!"

"Ni kijana mwema."

"Kaka, dereva asiyepiga honi ana jambo anaficha."

"Mimi nakwenda."

"Nenda, nani kakushika? Lakini utakwenda na gari la ndugu yako. Walii wa ukoo huu hapandi USIJALI."

Nikakubali. Huko kukubali ndiko kulikoniponza.

*

Kondakta wa TULIA ni mtu mzima mwenye sauti isiyohitaji umeme. Aliponiona akapiga makofi.

"Babu! Leo umewahi kazini!"

"Leo si kazi. Leo nasafiri."

Akacheka mpaka akashikilia mlango. "Unasafiri! Sawa, babu. Safari njema, hapo hapo ulipo."

Nikaketi. Nikavuta uradi. Jua likapanda, viti nyuma yangu vikabaki vitupu kama msikiti wa kijiji siku ya mavuno.

USIJALI likaja, likajaa, likaondoka. Likarudi. Mwajiri wa Kimya hakumpa ruhusa hata siku ya ndoa yake. Ilimbidi afanye safari zote, kisha akaoge, kisha akaoe. Aliposhuka alikuja dirishani kwangu, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo siku yako."

"Ndiyo, baba. Tutaonana huko?"

"Inshallah. Mimi niko njiani."

Akayatazama magurudumu ya TULIA, akanitazama mimi. Hakusema kitu. Ndiyo maana wanamwita Kimya.

Kwa kuwa sikuwa na wa kuzungumza naye, nikatunga ubeti:

Nimeketi asubuhi, kitini kama sanamu,
Wapitao hawawahi, kujibu hata salamu,
Injini haina ruhi, usukani una hamu,
Nifanye nini Ilahi, nishuke au nidumu?

Jibu likaja kwa njia ya dirisha, nalo limebeba furushi la nguo zilizokwisha kushonwa.

"Shikamoo, Shehe."

Alikuwa Mama Cherehani.

"Marahaba, binti yangu. Ingia, basi linaondoka."

Akaangua kicheko. "Afadhali ungeendelea kunyamaza!"

"Nimekosea nini?"

"Shehe, huna habari? Wewe ndiye saa ya stendi hii. Ukiwa ndani tunajua bado. Ukishuka tunajua tayari. Zamani watu walikuwa wanakuona wanaingia; siku hizi wamekujua. Hebu watazame wale."

Nikageuza shingo. Kwenye mabenchi ya kivulini walikaa watu na mizigo yao, wote wamenikodolea macho. Mmoja alikuwa na godoro lililokunjwa. Mwingine, bibi kizee, alikuwa amekwisha kuvua viatu.

"Wale wote wanasafiri?"

"Wote. Wanangoja ushuke."

"Na mimi nangoja wapande!"

"Basi mtangojana mpaka Kiama," akasema, akajitwika furushi lake. "Mimi nilihama zamani. Napanda kwa Kimya."

Nikamwita kondakta. "Haya asemayo huyu mama ni kweli?"

"Babu, huyo mama ana maneno mengi," akajibu, lakini macho yake yalikuwa yamekwenda kuangalia tairi.

*

Mara akatokea mdogo wangu. Yeye hupanda gari lake kila safari ili kumchunga kondakta. Alipoona viti vitupu akashika kichwa.

"Kaka, shuka kidogo tu. Waingie, kisha nitakurudisha kitini kwako."

"Utanirudisha?"

"Wallahi."

Nikateremsha mguu mmoja. Mmoja tu, ndugu zangu. Wa pili ulikuwa bado kwenye ngazi.

"Shehe ameshuka! Shehe ameshuka!"

Nimewahi kuona watu wakiikimbia mvua kwa utulivu zaidi. Mabenchi yalibaki matupu, furushi la mtu likapita juu ya kilemba changu, na mwenye godoro akaingia na godoro lake, akaketi kiti cha mbele na kulipakata kama mtoto. Bibi kizee akapandishwa viatu vikiwa mkononi.

"Hicho ni kiti changu!" nikasema.

"Babu, asante!" kondakta akajibu, kwa mazoea. Kwa mazoea hayo hayo akagonga bodi, na dereva, kwa mazoea, akaondoa gari.

Mdogo wangu alikuwa kwenye ngazi. "Kaka!" akaita, mkono ameunyoosha. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananiita au ananiaga.

Fimbo yangu ilikwenda nao.

Nikabaki katikati ya stendi, walii wa ndoa, nimesimama katika moshi wa basi la ndugu yangu.

*

Ukoo na usamehe. Nikaelekea USIJALI.

Lilikuwa karibu kujaa. Nikapanda, na kwa mazoea (naona mazoea ndiyo yaliyotutawala sote siku ile) nikaketi kiti cha mbele.

Nyuma yangu nikasikia mtu akifyonya.

"Kumbe na huku wamemwajiri!"

"Tushukeni, jamani. Hili nalo la kesho."

Wakaanza kushuka mmoja mmoja. Nikawasihi, wakapita. Kimya akaja dirishani, kofia mkononi tena.

"Baba..."

"Sema, mwanangu."

"Baba, naomba radhi. Naomba... ushuke kidogo."

"Unaniteremsha? Mimi mkweo? Siku ya ndoa yako?"

"Usiposhuka, baba, ndoa yenyewe haipo."

Kwa kijana wa maneno machache, hayo yalikuwa hotuba. Na yalikuwa kweli: jua lilikuwa limepita utosi, nao abiria waliogopa basi lenye mimi kama wanavyoogopa nyumba yenye nyuki.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi niliyokuwa nikiifanya kila siku chini ya kilemba.

Nikashuka mpaka kwenye ngazi, nikageuka, nikawakabili. Nimehutubu mara nyingi maishani, lakini siku zote mbele ya watu walioniamini.

"Enyi jamaa zangu," nikasema, "mimi nilikuwa nikikaa katika basi la ndugu yangu ili mniige. Sikuwa msafiri. Lakini leo namwozesha binti yangu, na bwana harusi ndiye huyo mwenye usukani. Tusipoondoka sasa, ataoa usingizini. Leo mimi ni abiria kama nyinyi."

Kicheko kikapasuka. "Kimya anaoa?" "Bwana harusi na mikono ya grisi!" "Mzee anajua kubuni, mpeni soda!"

Mmoja tu hakucheka. Mama Cherehani alikuwa dirishani, furushi mapajani.

"Shehe, unakumbuka siku nilipopanda TULIA mara ya mwisho?"

"Sikumbuki, binti yangu."

"Dada yangu alikuwa anaingizwa chumba cha upasuaji. Nilitaka kumshika mkono kabla hajaingia. Basi hili la Kimya lilikuwa limebakiza viti vichache. Nikakuona wewe kule. Nikasema, Shehe yumo, lile ndilo linalotangulia. Nikaingia. Ukaitikia salamu yangu, ukanisogezea na mfuko. Nikakaa, nikakaa, USIJALI likaenda. Nilipofika hospitali walikuwa wamekwisha kumwingiza."

Waliokuwa wakicheka wakanigeukia.

"Alipona?" nikauliza.

"Alipona. Lakini aliingia peke yake."

"Mimi sikukwambia kwamba linaondoka."

"Hukusema. Kunyamaza kwako ndiko kulikonipandisha."

Nimesoma vitabu vya ufasaha na balagha, nimefundisha watu kujenga hoja na kuibomoa. Niliyaona maneno yote niliyopata kujivunia kwamba sikuyasema, yamejipanga mbele yangu kama abiria wanaodai viti vyao.

"Nisamehe," nikasema.

"Nitafikiri njiani." Akainuka, akaangalia mbele, akaangalia nyuma, kama anayepima kitambaa. "Panda. Lakini utakaa kiti cha nyuma kabisa, pale panaporusha. Na hicho cha mbele kibaki kitupu. Leo watu wapande kwa kuona kiti kitupu, si kilemba." Kisha akatoa kichwa dirishani. "Nyie mlioshuka! Rudini! Shehe kashtakiwa, kahukumiwa, anakwenda nyuma!"

Wakarudi, wengine kwa haraka, wengine ili tu kuiona hukumu ikitekelezwa. Viti vyote vikajaa isipokuwa kile.

"Bosi wako haruhusu kuondoka na kiti kitupu," mtu akamkumbusha Kimya.

"Nitamjibu mwenyewe," akasema Kimya, akawasha gari.

*

Kiti cha nyuma ni chuo. Kila shimo lilinitoa tasbihi, na kwenye mashimo makubwa nilisoma na dua ya safari upya. Abiria wa pembeni yangu akaniuliza, "Shehe, kule mbele pia panarusha hivi?" Nikamjibu kwamba sijui, sijapata kukaa kule gari likiwa linakwenda.

Nikaanza kufurahi. Ndipo tuliposhuka bondeni.

TULIA lilikuwa limesimama kandoni, ubavu mmoja umeinama nyasini. Mwenye godoro alikuwa amelitandika chini, amelala. Bibi kizee alikuwa amevua viatu tena. Na katikati ya duara la watu alisimama mdogo wangu, shati limetoka nje ya suruali, anaapa kwa mikono yote miwili.

Katika njia yetu, USIJALI halijapata kulisimamia TULIA, wala TULIA kulisimamia USIJALI. Likiharibika la mmoja, la mwingine hupita na vumbi lake. Wamiliki wamezeeka na uadui huo, na madereva wameurithi.

"Pita, Kimya!" abiria mmoja akasema. "Una ndoa wewe!"

Kimya akapunguza mwendo. Akanitafuta kwenye kioo cha juu, nikayaona macho yake. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa siku ile kunyamaza kwangu kunafanya kazi gani. Kwa hiyo nikapaza sauti kutoka nyuma, "Simama, mwanangu!"

Naye akafanya jambo ambalo hakuna aliyepata kulisikia. Akapiga honi. Akasimama.

*

"Gia zimekwama," mdogo wangu akaniambia. Hakuniangalia usoni. "Haliendi mbele wala nyuma. Lazima nifike mjini nikamlete fundi."

"Mpigie simu."

"Hapa simu haishiki. Na hata ingeshika, fundi yule keshaapa hatoki tena kwa ahadi yangu. Anataka niende mwenyewe, nikamtoe nyumbani kwake kwa mkono wangu."

"Basi panda twende."

Mwenye godoro akainua kichwa. "Haendi popote. Akitoka hapa huyu, tutaonana naye Akhera."

"Nawaachia kondakta," akasema mdogo wangu.

"Kondakta ni mtu wako."

"Nawaachia gari!"

"Gari lenyewe ndilo hilo!"

Wakacheka, lakini hawakumpisha. Nikahesabu moyoni. Kufika mjini, kumtafuta fundi, kumbembeleza, kurudi bondeni: Alasiri itakuwa imekuja na kupita. Anayebaki hapa hana ndoa ya kuhudhuria leo.

Bibi kizee akaninyooshea kidole.

"Tuachieni huyo. Huyo ndiye aliyetupandisha. Nilikuwa nimekaa zangu kivulini, akashuka, nikakimbia na mguu wangu huu."

"Ndiyo! Tuachieni Shehe!" wakaitikia wote. "Shehe akiwepo, Tulia atarudi. Hawezi kumtupa kaka yake."

Nikamtazama mdogo wangu kuona kama hilo la mwisho ni kweli. Akainamisha kichwa.

Mama Cherehani alikuwa ameegemea dirisha la USIJALI. "Shehe," akasema, "linaondoka au haliondoki? Leo useme."

Fikirini, wasomaji. Ningepanda, ningekuwa walii, na binti yangu angeolewa huku analia, na watu hawa wangebaki bondeni kwa sababu ya mguu wangu mmoja. Au ningebaki, na binti yangu asinione kabisa siku ambayo mzazi huiona mara moja.

Lakini sheria ina mlango. Walii anaweza kumweka wakili. Haikusemwa kwamba wakili awe anaipenda ndoa yenyewe.

"Mdogo wangu," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye godoro, "mbele ya watu hawa wote nakufanya wakili wangu. Ukifika, umwoze binti yangu kwa Kimya, kwa mahari waliyoafikiana. Kisha umlete fundi."

Macho yakamtoka. "Mimi, kaka?"

"Wewe. Ulimsomesha. Kamalizie."

"Mimi nimwoze kwa... kwa huyu?"

"Kwa huyu aliyekusimamia."

"Na nikikataa?"

"Utamwambia mwenyewe, usoni pake. Mimi sitakuwepo kukusemea."

Akaingia ndani ya TULIA, nikadhani amekwenda kujificha. Akatoka na fimbo yangu. Akanikabidhi kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akinikabidhi akiwa mdogo, akaupanda mlango wa USIJALI bila ya kusema ndiyo wala hapana.

Kilikuwepo kiti kimoja tu kitupu mbele. Akakitazama. Akatutazama sisi. Akaketi, bega kwa bega na Kimya.

"Shikamoo, baba mdogo," nikamsikia Kimya akisema.

Jibu sikulisikia, kwa kuwa halikuwepo.

Bibi kizee akapewa nafasi yangu ya nyuma. Nilipokuwa nikimpandisha, mguu wangu mmoja kwenye ngazi, Mama Cherehani aliniita.

"Nimekwisha kufikiri, Shehe."

"Ukaona nini?"

"Binti yako nitamshika mkono mimi, mpaka ijulikane mdogo wako yuko upande gani."

Nikashusha mguu wangu wa pili barabarani.

"Shehe ameshuka!" abiria wakapiga kelele wote kwa pamoja, wa basi lile na wa basi hili. "Linaondoka!"

Na kweli likaondoka. Kwa kioo cha nyuma niliviona vichwa viwili vya mbele, kimoja kinatazama barabara, kingine kinatazama nyasi, mpaka kona ikavimeza.

Nikapanda TULIA, nikaketi mahali pangu. Mwenye godoro akaligeuza upande wa kivuli.

"Kaeni chini, jamani," akawaambia wenzake. "Shehe yumo ndani. Hili haliendi popote."

Nikacheka nao. Kisha nikatazama kivuli cha fimbo yangu, niliyokuwa nimeisimika mchangani nje ya dirisha, na kilikuwa kimeanza kuwa kirefu kuliko fimbo: Alasiri ilikuwa imeingia.

Ewe Mola wa waendao na wa wakaao, waangalie waliobaki. Waliobaki kandoni mwa njia, wape subira na kivuli. Waliobaki vitini wakitazamana pembeni, wape neno moja jema kabla ya kufika. Aliyebaki chumbani akingoja hatua za wazee wake, usimwache peke yake. Na mkono ulioahidiwa kumshika, ubariki usichoke. Na mdogo wangu, ambaye hajapata kutulia, mtulize leo, Ya Rabi, kwa kadiri ya maneno machache tu. Amina.